Gitaa Kavu kwa Anayeanza: Dakika 15 kwa Siku kwa Ajili ya Kigango Chako

Leo tunashika gitaa. Ndiyo, gitaa lenyewe, lile kavu lisilohitaji umeme wala spika. Somo ni la yule ambaye hajawahi kubonyeza hata uzi mmoja. Ni la yule pia aliyeanza, vidole vikamuuma, akaliegemeza gitaa ukutani na mpaka leo liko hapo hapo.

Nawalenga hasa vijana wa huku Kyela na ufukwe wa Ziwa Nyasa: Ipinda, Ngonga, Mwaya, Matema, na ninyi wa Kasumulu mpakani. Ila kama unasoma ukiwa Bukoba au Nairobi, karibu sana, gitaa ni lile lile na nyuzi ni sita zile zile.

Kwa nini tutumie somo zima kwa jambo hili? Angalia hali ilivyo. Parokiani mara nyingi kuna kinanda na mtu wa kukipiga. Kigangoni ni habari nyingine. Umeme umekatika, au haujafika kabisa. Mpiga kinanda amehamia Mbeya kusoma. Jumapili hiyo padre yuko kigango kingine, katekista anaongoza ibada, na wimbo wa mwanzo unaanzishwa juu mno mpaka akina mama wanaishia njiani. Watu wananyamaza. Imani wanayo, ila wamekosa wa kuwashika mkono. Kijana mmoja mwenye gitaa lililotuniwa vizuri na kodi nne tu anaweza kuwasaidia watu wote wale waimbe. Hilo ndilo lengo letu leo, ustaa tunauacha pembeni.

(Kodi ninayosema hapa siyo ile ya serikali! Ni sauti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja. Tutafika huko.)

1. Gitaa kavu linatosha

Kwanza tuondoe kisingizio cha vifaa. Wengi wanasema, "Nitaanza nikipata gitaa la umeme na amplifaya." Hapana. Wazee wetu walijifunzia gitaa kavu, wengine wakaliita galatoni, jina lililotokana na Gallotone, chapa ya Afrika Kusini. Lilikuwa gitaa la bei nafuu la miaka ya 1950. Hata John Lennon wa Uingereza, siku alipokutana na Paul McCartney Julai 1957, alikuwa anapiga Gallotone.

Mfano wa karibu zaidi na lugha yetu ni Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi kijana huyo aliyekuwa na miaka ishirini na kitu. Mwenda aliimba Kiswahili, na mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba lilishika besi, shahada ikacheza sauti za juu. Ukimsikiliza unadhani wako watu wawili. Mwaka 1969 gitaa hilo likamfikisha kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Sasa liangalie jina lake: Jean Bosco. Ni jina la Mtakatifu Yohane Bosco (1815–1888), baba na mwalimu wa vijana, ambaye kule Torino aliwakusanya watoto wa mitaani kwa michezo, mafundisho ya dini na muziki. Kwake muziki ulikuwa njia ya kumfikisha kijana kwa Mungu na kumwepusha na maovu. Kwa hiyo ukishika gitaa kwa nia njema hujaenda mbali na watakatifu.

2. Je, Kanisa linaruhusu?

Swali hili lazima tulijibu mapema, maana utalisikia. Kuna mzee kigangoni atakwambia, "Mwanangu, gitaa ni la baa." Usimcheke wala usimjibu kwa jeuri. Ana hoja.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia (Sacrosanctum Concilium, 4 Desemba 1963), namba 120, unaipa heshima kubwa ogani ya mabomba. Kisha unasema vyombo vingine vinaweza kukubaliwa kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa ya mahali, mradi vifae kwa matumizi matakatifu, viendane na hadhi ya nyumba ya Mungu, na viwajenge waamini kweli kweli. Zaidi ya miaka mitatu baadaye, Maagizo ya Musicam Sacram (5 Machi 1967), namba 63, yakaongeza kwamba vyombo ambavyo kwa maoni na matumizi ya watu vinafaa kwa muziki wa kidunia tu, visiingizwe katika liturujia.

Umeona? Mzee wako anagusa hoja hiyo hiyo, hata kama hajasoma hati. Anauliza kama chombo hiki, kwa jinsi watu wa hapa wanavyokijua, kinawasaidia kusali au kinawapeleka kwenye dansi. Hoja hiyo huimalizi kwa mabishano. Unaijibu kwa namna unavyopiga. Ukipiga kwa utulivu, ukiacha maneno ya wimbo yasikike, mzee mwenyewe atakuwa wa kwanza kuuliza Jumapili ijayo, "Yule kijana wa gitaa yuko wapi?"

Maswali haya si mageni kwetu pia. Mwaka huo huo wa 1963, Padre Stephen Mbunga wa hapa kwetu alichapisha kitabu kizima juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kabla sisi hatujazaliwa, watu walishafikiri kwa makini jinsi muziki wetu utakavyoingia kanisani kwa heshima.

Kwa hiyo fuata utaratibu. Zungumza na paroko na mwalimu wa kwaya kabla hujapeleka gitaa kwenye Misa. Wakati unasubiri, jumuiya ndogondogo, semina za vijana, hija na mikutano ya VIWAWA au TYCS ni mahali pazuri pa kuanzia.

3. Kuchagua gitaa, na kulitunza ufukweni

Ukipata la mtumba au la kuazima, likague hivi:

- Lishike usawa wa jicho, tazama shingo kwa urefu. Ikiwa imepinda kama upinde, liache.
- Angalia daraja, kile kipande cha mbao kwenye tumbo la gitaa panapofungwa nyuzi. Kama kimeanza kubanduka, liache au lipeleke kwa fundi kwanza.
- Pima umbali kati ya nyuzi na shingo pale shingo inapokutana na tumbo. Kama nyuzi ziko juu mno, utabonyeza mpaka machozi yatoke, na kosa halitakuwa lako. Milimita 3 hivi kwenye nafasi ya 12 zinatosha.

Nyuzi ziko za aina mbili, nailoni na chuma. Za nailoni ni laini kwa vidole vya anayeanza. Za chuma zina sauti kali zaidi. Tafadhali usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa lililotengenezwa kwa nailoni. Chuma kinavuta kwa nguvu kubwa, kitang'oa daraja.

Sasa tuje kwenye hali ya hewa yetu. Kyela ni joto na mvua nyingi, hasa Machi mpaka Mei. Unyevu huo unaostawisha mpunga na kakao ndio adui wa gitaa. Mbao zinavimba, gundi inalegea, na nyuzi za chuma zinashika kutu upesi. Fanya hivi:

- Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho na unyevu ndo vinaleta kutu.
- Usilitundike kwenye ukuta wa nje unaolowa mvua, wala usiliweke karibu na jiko. Dari isiyo na silingibodi chini ya bati la mchana nayo ni hatari.
- Vile vifuko vidogo vya punje vinavyokaa kwenye boksi la viatu usivitupe. Viweke ndani ya mfuko wa gitaa, vinanyonya unyevu.
- Ukisafiri kwa bodaboda au mtumbwi, lifunge ndani ya mfuko wa nailoni, ukifika ulitoe lipumue.

4. Anza na sikio: kutuni

Kutuni ni kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila uzi utoe sauti yake. Wengi wanaliruka hili kwa haraka ya kupiga. Msome Mtakatifu Paulo, 1 Wakorintho 14:7. Anatoa mfano wa filimbi na kinubi, kwamba vyombo hivyo visipotoa sauti zinazotofautiana vizuri, hakuna atakayetambua kinachopigwa. Paulo alikuwa anazungumzia lugha katika ibada, lakini mfano wake unamfaa kila mpiga gitaa.

Nyuzi tunazihesabu kuanzia chini. Uzi wa 1 ndio mwembamba kabisa, wa 6 ndio mnene kabisa. Kutoka mnene kwenda mwembamba, majina yake ni E, A, D, G, B, E. Vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo vinagawa nafasi. Nafasi ya 1 ndiyo iliyo karibu na kichwa cha gitaa, kisha ya 2, ya 3, na kuendelea.

Njia rahisi ni programu ya kutuni kwenye simu. Jifunze na njia ya sikio, maana simu huisha chaji:

1. Pata E ya uzi wa 6 kutoka kwenye kinanda au kwa mwenzako.
2. Bonyeza uzi wa 6 nafasi ya 5. Sauti hiyo ndiyo A. Kaza uzi wa 5 mpaka ufanane nayo.
3. Uzi wa 5 nafasi ya 5 unakupa D, sauti ya uzi wa 4.
4. Uzi wa 4 nafasi ya 5 unakupa G, sauti ya uzi wa 3.
5. Uzi wa 3, hapa ni nafasi ya 4, siyo ya 5. Unakupa B, sauti ya uzi wa 2.
6. Uzi wa 2 nafasi ya 5 unakupa E, sauti ya uzi wa 1.

Sauti mbili zikikaribiana bila kufanana utasikia kama mawimbi: wa-wa-wa-wa. Kaza taratibu, mawimbi yanapungua, mwisho yanatulia kama ziwa asubuhi. Hapo umefika.

Mwanzoni itakuchukua dakika kumi. Usikasirike. Kutuni kunakufundisha kunyamaza na kusikiliza, na atakayewasindikiza wengine katika sala anahitaji hicho kabla ya kingine chochote.

5. Kodi nne, kwa anayejua do-re-mi

Kama unaimba kwaya, tayari una utajiri ambao wengine wanaulipia. Juu ya karatasi ya wimbo huwa pameandikwa mahali pa do. Tuchukue do kuwa G. Kodi zako nne ni hizi:

- G ni nyumbani kwa do: do, mi, so.
- C ni kwa fa: fa, la, do.
- D ni kwa so: so, ti, re.
- Em (hutamkwa E-maina) ni kwa la: la, do, mi. Hii ina sauti ya huzuni kidogo.

Namna ya kushika, kwa mkono wa kushoto:

Em: shahada kwenye uzi wa 5 nafasi ya 2, kidole cha kati kwenye uzi wa 4 nafasi ya 2. Piga nyuzi zote sita.

G: shahada ibaki pale pale, uzi wa 5 nafasi ya 2. Kidole cha kati kihamie uzi wa 6 nafasi ya 3. Kidole cha pete kiende uzi wa 1 nafasi ya 3. Piga zote sita.

C: shahada uzi wa 2 nafasi ya 1, cha kati uzi wa 4 nafasi ya 2, cha pete uzi wa 5 nafasi ya 3. Piga kuanzia uzi wa 5, wa 6 uuache.

D: shahada uzi wa 3 nafasi ya 2, cha kati uzi wa 1 nafasi ya 2, cha pete uzi wa 2 nafasi ya 3. Piga kuanzia uzi wa 4 tu.

Bonyeza kwa ncha ya kidole, karibu na chuma cha mbele lakini si juu yake. Kucha za kushoto zikatwe. Gumba la kushoto likae nyuma ya shingo. Kisha piga uzi mmoja mmoja. Ukisikia uzi umeziba au unakwaruza, kidole fulani kinaugusa. Kirekebishe, piga tena.

Siri ya kubadilisha kodi ni kujua kidole gani hakihami. Toka Em kwenda G, shahada haihami. Toka Em kwenda C, cha kati hakihami. Toka D kwenda G, cha pete kinabaki nafasi ya 3 na kinahama uzi mmoja tu. Ukijua hivyo, kazi inapungua nusu.

Jaribu sasa hivi: piga C, kisha G, polepole. Umeitambua? Ni ile "Amina" ya kwaya inayotoka fa na kutua do. Jaribu D kisha G. Huo ni mwisho wa nyimbo nyingi sana unazozijua, so inarudi nyumbani kwa do. Ndiyo maana nasema mwanakwaya hajaanza sifuri.

Kama G iko chini au juu mno kwa watu wako, tumia kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni. Ukiibana nafasi ya 2, ukapiga kwa mikono ya G, do inakuwa A. Huna kapo? Penseli ngumu ikifungwa kwa mpira imara shingoni itafanya kazi mpaka upate ya dukani.

6. Mkono wa kulia ndio unaoongoza watu

Vidole vya kushoto vikikosea kidogo, watu watavumilia. Mkono wa kulia ukipoteza mapigo, wote watapotea. Kwa hiyo anza rahisi. Hesabu 1-2-3-4, na kila hesabu gumba lishuke mara moja. Usiongeze mbwembwe kwa wiki mbili za kwanza.

Nyimbo zetu nyingi zinakwenda kwa mapigo sita. Hesabu 1-2-3-4-5-6, ukitia uzito kwenye 1 na 4. Hapo gumba lipige uzi wa besi wa kodi hiyo, yaani uzi wa 6 kwa G na Em, wa 5 kwa C, wa 4 kwa D. Vidole vingine viguse nyuzi nyembamba kwenye 2-3 na 5-6. Huo ni mlango mdogo wa kuingilia kwenye ile njia ya Mwenda ya gumba na shahada.

Piga na mguu. Kama unashindwa kuhesabu huku unapiga, umekwenda haraka mno.

7. Ratiba ya wiki nne

Dakika 15 kila siku ni bora kuliko saa mbili Jumamosi. Vidole na ubongo vinajifunza kwa kurudia.

Kila siku: dakika 3 kutuni, dakika 5 kodi safi (uzi mmoja mmoja), dakika 4 kubadilisha, dakika 3 wimbo.

- Wiki ya 1: Em na G. Badilisha kwa dakika moja, hesabu umefika mara ngapi. Andika daftarini.
- Wiki ya 2: ongeza C. Fanyia kazi ile "Amina".
- Wiki ya 3: ongeza D. Zunguka G, C, D, G bila kusimamisha mkono wa kulia. Hata kodi isipokaa vizuri, mapigo yaendelee.
- Wiki ya 4: chagua wimbo mmoja mfupi unaouimba tangu utoto. Uimbe polepole huku unatafuta kodi. Melodia ikitulia kwenye do, jaribu G. Ikikaa kwenye fa, jaribu C. Ikikaa kwenye so au re karibu na mwisho wa mstari, jaribu D. Sikio lako litakwambia ndiyo au hapana.

Muda utautoa wapi? Kijana wa Kyela ana kazi, najua. Lakini msimu wa kuwinga ndege shambani, kuna saa nzima za kukaa kwenye kibanda. Gitaa litakusaidia hata kuwafukuza hao ndege, hasa wiki ya kwanza!

8. Pale wengi wanapoachia

Sasa tuseme ukweli. Kati ya siku ya tano na mwisho wa wiki ya tatu, watu wengi wanaacha. Ncha za vidole zinauma. C inagoma. Mdogo wako anasema unampigia kelele. Mikono yako pengine ina sugu za jembe kiganjani, lakini ncha za vidole bado ni laini kama za mtoto. Zinahitaji wiki mbili tatu kukomaa. Zikiuma sana pumzika, kesho rudi. Ila kama kinachouma ni kiwiko au kifundo cha mkono, simama, maana unakaza mkono kupita kiasi au umekaa vibaya.

Hapo ndipo gitaa na maisha ya sala yanapofanana. Yesu anatufundisha katika Luka 16:10 kwamba aliye mwaminifu katika dogo atakuwa mwaminifu katika kubwa pia. Rozari yako huwa inakufa namna gani? Siyo kwa sababu umeikana. Inakufa kwa sababu ya siku moja uliyochoka, halafu ya pili, halafu unaona aibu kurudi. Gitaa nalo hufa hivyo hivyo. Dawa ni ile ile: umekosa jana, leo anza tena na dakika 15, usijaribu kulipa deni la wiki nzima kwa siku moja.

Mkumbuke Daudi. Katika 1 Samweli 16 anaitwa kumpigia kinubi mfalme Sauli aliyekuwa anasumbuliwa rohoni. Mtumishi mmoja wa mfalme alishamjua kuwa ni hodari wa kupiga, naye alikuwa bado mchunga kondoo. Ustadi wake alikuwa nao tayari kabla ya kuitwa ikulu. Na kazi aliyoitiwa ilikuwa kumpa nafuu mtu mwingine. Wewe hujui ni nani atakayeingia kanisani kwenu siku hiyo, ametoka msibani au nyumba yake inawaka moto, na wimbo mmoja ulioimbwa vizuri ukamfungulia machozi mbele ya Mungu.

9. Kusindikiza siyo kutawala

Siku ukiruhusiwa kupiga kwenye Misa, shika haya:

- Sauti za watu ziko juu, gitaa liko chini. Kama husikii maneno ya wimbo, unapiga kwa nguvu mno.
- Padre anaposali sala zake, ikiwemo Sala ya Ekaristi, chombo kinyamaze. Usicheze melodia ya chini chini kwa kudhani unapamba.
- Kwaresima, vyombo hutumika kusaidia wimbo tu, isipokuwa Dominika ya Nne, sherehe na sikukuu. Majilio piga kwa kiasi.
- Kuanzia Utukufu wa Alhamisi Kuu mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka, vilevile chombo hakipigwi peke yake.
- Tuni kabla watu hawajaingia. Kutuni wakati wa mahubiri ni kumkosea heshima padre na Neno.
- Mpe mwalimu wa kwaya nafasi yake. Yeye ndiye anayeongoza, wewe unamfuata.

Majirani zetu Wamoravian na Walutheri wana matarumbeta yao, na tunayafurahia. Si lazima tushindane. Gitaa kavu lina upole wake unaofaa kikao kidogo cha jumuiya jioni, chini ya mwembe, watu kumi na tano na Biblia moja.

Maswali ya kujitafakari

1. Nataka kujifunza gitaa ili nani afaidike?
2. Ni jambo gani dogo nililoliacha kwa sababu ya kuona aibu kuanza tena?
3. Katika kigango changu, nani ananyamaza wakati wa kuimba, na ningewezaje kumsaidia?

Azimio la wiki

Chagua saa moja ya siku isiyobadilika. Dakika 15 gitaa, na kabla ya hapo Baba Yetu moja. Kama huna gitaa bado, tafuta mwenye nalo kwenye jumuiya yako, umwombe kwa adabu. Na kama unalo lililolala ukutani, lifute vumbi leo, lituni, kisha mwazime mwenzako siku mbili kwa wiki. Gitaa moja linaweza kufundisha vijana watatu.

Tusali

Ee Bwana, umetupa masikio ya kukusikia na mikono ya kukutumikia. Wabariki vijana wote wanaoanza kujifunza muziki kwa ajili ya Kanisa lako. Wape uvumilivu vidole vinapouma, unyenyekevu watakaposifiwa, na utii kwa wanaowaongoza. Mikono yetu isicheze kwa ajili ya jina letu, bali iwasaidie ndugu zetu wakuimbie wewe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee. Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, utuombee.

Kesho, dakika 15.